Gereji wamenitajia pauni 14,800 kuunda upya injini ya Porsche, naibiwa?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Reading, Uingereza, mwaka wa sita huu. Mwaka jana nilinunua gari ya ndoto zangu, Porsche 911 Carrera S ya 2006, toleo la 997, maili 82,000, nikalipa pauni 23,500. Sasa imeanza kugonga tik tik tik upande mmoja ikishapata moto, na oili inapungua, kama lita moja kila maili 600. Gereji wanasema silinda zimekwaruzika, ovahoo ni pauni 14,800. Kuna jamaa anachinja magari ana injini used ya pauni 6,500. Mjomba wangu wa Dar anasema nisiwape wazungu hela zangu, niitoe injini niitume kwenye kontena, mafundi wa Gerezani hukohuko Dar watachonga kwa milioni mbili tu. Naibiwa? Na naweza kuendelea kuitumia mpaka Desemba nikusanye hela?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nakuonea huruma kwa sababu hizi injini nimezifungua miaka kumi na moja kwenye gereji moja ndogo hukohuko Uingereza kabla sijarudi nyumbani, na kila mteja aliyekuja na hiyo tik tik alikuwa na sura ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. Ntakujibu kirefu, vumilia.

Kwanza kabisa usilipe hata senti ya ovahoo mpaka ujue wamejuaje. Namaanisha waulize swali moja: mmeona kwa macho au mmesikia kwa masikio? Maana hiyo tik tik inaweza kuwa lifta ya valvu imechoka, inaweza kuwa injekta (injekta zenyewe zina mlio wa tik tik), inaweza hata kuwa bolti ya ekzosi imekatika pale kwenye hedi na gesi inapenya, bolti za ekzosi za hizi gari zinaoza kwa chumvi ya barabarani ya huko Uingereza kama nini sijui. Nishaona mtu katoka gereji na kotesheni ya injini nzima, kumbe ni bolti mbili za ekzosi. Ila kwako oili inapungua kwa kasi hiyo, kwa hiyo kusema kweli matumaini yangu ni madogo, lakini hela yote hiyo haitolewi kwa kukisia.

Wakikwambia "tumeingiza kamera", uliza wameiingizia wapi. Wengi wanatoa plagi, wanaingiza boroskopu kwenye tundu la plagi, wanaangalia, wanasema safi au sio safi. Kwenye hii injini hiyo haitoshi. Mikwaruzo mara nyingi inaanza sehemu ya chini ya silinda, karibu na krenki (ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni), na kutoka kwenye tundu la plagi huioni vizuri. Kinachotakiwa ni kumwaga oili, kufungua sampo (lile bakuli la oili) chini, kuzungusha krenki mpaka pistoni ipande juu kabisa, halafu kamera inapita kwa chini inaangalia ukuta wa silinda. Waanze na silinda ya sita. Hiyo ndo mgonjwa wa kwanza karibu kila mara, iko benki ya pili, yaani safu ya silinda tatu za upande wa kulia wa gari. Na usikubali kuambiwa "kompresheni iko poa kwa hiyo silinda ziko poa", kwa sababu ringi za pistoni zinaweza kuziba vizuri kabisa huku pistoni inakula ukuta pembeni, nimepima injini zilizokwaruzika vibaya na kompresheni ilikuwa sawasawa silinda zote sita.

Ukiona picha yenyewe hutahitaji mtu wa kukutafsiria. Ukuta mzima wa silinda una rangi ya kijivu iliyopoa, kama sufuria ya aluminiamu iliyosuguliwa. Iliyokwaruzika ina mistari ya wima, myeusi na ya kung'aa, imekaa pamoja kwenye kipande kimoja cha ukuta kama paka alining'inia pale akateleza. Ukipitisha kucha inakwama. Na ukigeuza pistoni yake utakuta ubavuni ile rangi imebanduka, aluminiamu tupu inakuangalia.

Ngoja nikueleze kwa nini inatokea, maana ukielewa hapa utaelewa bei inatoka wapi.

Injini yako ni M97, ujazo wa cc 3,824, nguvu farasi 355, pistoni sita zimelala, tatu huku tatu kule, mambo ya boksa kama Subaru tu. Mababu zake zile 911 za kupozwa kwa hewa, kila silinda ilikuwa kitu kinachojitegemea, unachomoa kama kikombe kwenye kabati, imeharibika unaweka nyingine. Na nyingi zilipakwa Nikasil, yaani nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, kitu kigumu balaa, Carrera RS ya 1973 ilikuwa nayo. Walipohamia kwenye injini za maji, miaka ya 1990 mwishoni, wakataka injini inayotengenezeka haraka na kwa bei nafuu. Silinda tatu zikamwagwa pamoja na nusu ya bloku, kitu kimoja, aluminiamu. Sasa pistoni ya aluminiamu haiwezi kusugua ukuta wa aluminiamu, zitang'ang'aniana, kwa hiyo kwenye ukuta wakaweka tabaka lenye chembe za silikoni, wanaita Lokasil, chembe zimechomoza kidogo sana na oili inakaa katikati yake, na pistoni ikavalishwa koti jembamba la kuikinga. Ikiwa mpya inafanya kazi safi kabisa. Shida ni pale koti la pistoni likianza kubanduka. Hapo aluminiamu inakutana na aluminiamu, chembe za silikoni zinang'oka, zinakuwa msasa, na msasa unakula zaidi. Hairudi nyuma hiyo. Hamna oili ya kuitibu, hamna dawa ya kumwaga kwenye tanki, wanaokuuzia chupa wanakuuzia chupa.

Kwa nini benki ya pili? Kwa jinsi krenki inavyozunguka, upande mmoja pistoni inasukumwa kuegemea ukuta wa chini ambako oili inatuama, na upande wa pili inaegemea ukuta wa juu ambako oili inakimbia kushuka. Ongeza asubuhi za baridi za Reading, mtu anawasha anaondoka anakanyaga, safari za maili mbili kwenda dukani, injekta inamwaga petroli inaosha ule utando wa oili, na sevisi ya kitabu iliyokuwa inaruhusu maili 20,000 au miaka miwili kabla ya kubadilisha oili. Miaka miwili! Bibi yangu alikuwa anabadilisha mafuta ya taa mara nyingi zaidi.

Sasa hela. Hujanitumia mchanganuo wao, kwa hiyo ntakupa wangu, kwa bei nilizokuwa naziona mimi kwa mafundi wa kujitegemea, sio bei za dila. Kutoa injini na kuirudisha, kuifungua mpaka mfupa, kusafisha, kupima, kuunga, ni kama saa 60 za kazi kwa mtu anayeijua. Saa moja weka pauni 95, hapo umeshafika 5,700 na hujanunua hata ringi moja. Watu wanalalamika hapo, "saa 60 anafanya nini?" Ntakwambia anafanya nini. Bloku ni nusu mbili zinazokutana wima, katikati kuna fremu nyingine imeibeba krenki, kuna shafti ya katikati inayopeleka mzunguko kwenye cheni, kuna cheni tatu, kamshafti nne, valvu 24, na huwezi kuunga mpaka uwe na vifaa maalumu vya kushika kamshafti mahali pake, ukikosea taiming valvu zinabusiana na pistoni siku ya kwanza unawasha.

Af kuna zile klipsi. Acha nikuhadithie hii ndo utaelewa. Benki moja, pistoni zinaingizwa wakati bloku imeshafungwa, kwa hiyo pini ya kuunganisha pistoni na konrodi (ule mkono unaoshika krenki) unaiingiza kupitia kitundu kidogo pembeni ya bloku, na nyuma yake unasukuma klipsi, kipete cha waya, kwa kifaa kirefu, bila kuona, unasikiliza na kuhisi kwa mkono tu. Ikikaa kwenye mfereji wake inasema tik, kavu, kama mtu kavunja kijiti cha meno. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nafunga moja jioni, nimechoka, nikasikia tik nikaridhika nikaenda nyumbani. Asubuhi nikazungusha krenki kwa mkono kabla ya kupanga hedi, mzunguko wa kwanza safi, wa pili nikahisi kitu, sio kugonga, kama punje ya mchanga chini ya soli ya kiatu. Nikasimama. Klipsi ilikuwa haijakaa, imeruka imeingia ndani ya bloku. Niliigawanya injini nzima tena, siku mbili, bila malipo, na bosi hakunifokea hata kidogo, alinipa tu kile kipete nikiweke mfukoni. Ninacho mpaka leo. Kingeachwa humo ndani pini ingetoka, ingechimba ukuta mpya wa silinda ndani ya maili chache na injini ya pauni elfu kumi na kitu ingekuwa kopo. Kwa hiyo mtu akikwambia anaifunga kwa saa 25, mwogope.

Kubwa la pili ni silinda zenyewe. Bloku linapelekwa kwa watu wa mashine, wanachimba ule ukuta wa Lokasil wautoe, wanaingiza laina mpya, yaani kuta za silinda za kupachika, za aluminiamu zilizopakwa Nikasil, wanazinoa kwa mawe ya almasi mpaka saizi ya pistoni, kila silinda na pistoni yake, vipimo vya sehemu moja ya mia ya milimita. Kule Bolton kuna Hartech, Marekani jimbo la Illinois kuna LN Engineering, hao ndo majina makubwa ya kazi hii na karibu kila fundi wa hizi gari anamtuma mteja kwa mmoja wao au kwa wanaofanana nao. Silinda sita pamoja na pistoni sita weka 4,200. Hedi mbili kupima nyufa kwa presha, mirija ya kuongozea valvu, sili, kuskimu (kusawazisha uso wake), 900. Beringi za krenki na za konrodi, bolti za konrodi (zile unazifunga mara moja tu, zikivutwa zimevutika, hazirudiwi), cheni, reli za cheni, gasketi zote, sili zote, beringi ya ile shafti ya katikati, 1,900. Klachi na flaiwili 1,200, kwa sababu injini iko chini na kuirudisha na klachi ya maili 82,000 ni ujinga. Waterpampu, thamostati, kile kitenganishi cha hewa na oili ambacho kikipasuka kinakutolea wingu la moshi mweupe mtaa mzima, 500. Oili, kulanti, sevisi ya kwanza baada ya maili 1,000, weka 400.

Jumlisha: 14,800. Sikuipanga, ndo namba zinavyoangukia, na ndo maana nilipoona swali lako nilitabasamu. Hawakuibii, mdogo wangu. Kwa Kitanzania inakaribia milioni 50, najua, inauma, kwa hela hiyo mtu anajenga Kigamboni. Ila sio wizi.

ILA. Kuna vitu viwili vya kuuliza kabla hujasema ndio, na hapa ndo watu wanaumia.

Kimoja, hiyo 14,800 ni pamoja na VAT? Kama sio, ongeza asilimia 20, ni 2,960, jumla 17,760. Mafundi wengi wanataja bei bila VAT, wamezoea tu, sio kwamba wana nia mbaya, na mteja anagundua siku ya kuchukua gari.

Cha pili, ni laina ngapi? Hapa ndo penyewe. Kuna gereji itaweka laina kwenye silinda iliyokwaruzika tu, moja au mbili, nyingine inaziacha kwa sababu "ziko safi". Hiyo inashusha bei kwa pauni elfu mbili au tatu na kwenye karatasi inapendeza. Lakini zile nne ulizoziacha zina umri uleule, koti lilelile, maili zilezile, zinasubiri zamu yao. Ikianza ya tano miaka miwili mbele unalipa tena saa 60. Katika bei yote hii laina sio ghali kulinganisha na safari ya kuzifikia, ukishafika weka zote sita. Kama kotesheni yako ni 14,800 ya laina sita, bei ya haki. Kama ni 14,800 ya laina mbili, hapo sasa tuzungumze kuhusu kuibiwa.

Kwa hiyo usikubali bei ya jumla jumla. Mwambie fundi: nakulipa kuitoa na kuifungua kwanza, weka kama pauni 1,500, nipe picha za kila silinda, vipimo vya krenki, picha za beringi za konrodi zote kumi na mbili, nusu juu nusu chini, halafu nipe bei ya mwisho kwa maandishi. Fundi anayejua kazi atakubali haraka kwa sababu na yeye anaogopa kukupa bei kabla hajaona ndani, krenki ikiwa imeliwa hesabu inabadilika, hedi ikiwa na ufa hesabu inabadilika. Anayekutajia bei kamili isiyobadilika kabla ya kufungua, ama ameweka mto mnene wa hela za dharura ambazo hatazirudisha, ama atakuja kukupigia simu katikati ya kazi gari ikiwa vipande vipande mezani, na hapo huna ujanja. Mwambie pia vyuma vyote vya zamani unavitaka, pistoni, beringi, cheni, kila kitu kwenye boksi. Hata kama utavitupa.

Waranti uliza ni ya nini. Miaka miwili kwa vyuma na kazi ni nzuri. Miezi sita kwa vyuma tu maana yake pistoni wanakupa bure na saa 60 unalipa mwenyewe.

Haya, injini used ya 6,500. Naelewa inavyovutia, sisi tumelelewa hivyo, gari ikinoki unaenda Shaurimoyo au ukiwa Nairobi unaenda Kirinyaga Road, unachukua injini ya Japani, siku mbili gari iko barabarani. Kwa Toyota nakubali, ningefanya hivyohivyo. Hata Subaru ya turbo unaweza kununua bloku jipya la chini likiwa limeshafungwa pistoni zake kutoka kiwandani, bei ya kibinadamu, na watu wa Nairobi wanaotwanga zile STI wanalijua hilo vizuri. Lakini M97 used ni M97 nyingine, ile ile, ukuta uleule, pistoni zilezile, imetoka kwenye gari ya 2005 mpaka 2008 iliyogongwa, na hujui mwenyewe alikuwa anaiendeshaje asubuhi. Unanunua ugonjwa ambao bado haujapimwa. Hebu piga: 6,500 ya injini, kuitoa na kuirudisha 1,500, klachi na flaiwili 1,200, waterpampu na vidude vile 500, oili, gasketi, unakaribia 10,000, na VAT juu, umefika 12,000 na huna kitu kipya ndani ya injini. Na waranti ya mchinjaji mara nyingi ni siku 90 na inahusu injini tu, kazi ya kuitoa tena ni yako.

Ukiitaka hata hivyo, kuna njia moja tu mimi ningeikubali: injini iwe nje, sampo ifunguliwe mbele ya fundi wako, kamera iingie silinda zote sita kwa chini, kabla hela haijatoka mfukoni. Mchinjaji akikataa sampo kufunguliwa, mshukuru uende zako.

Mjomba sasa. Msalimie sana, na usimdharau, kwa sababu mafundi wa Gerezani nimewaona wakifanya mambo ambayo kule Uingereza wangeita mkutano kwanza. Fundi kerezo mmoja pale alinichongea bushi ya gia boksi kwa jicho na kalipa, ikaingia kwa kidole gumba. Bloku la chuma la Land Cruiser likichoka wanachimba, wanapachika silivu ya chuma, wananoa, linarudi linatembea miaka. Tatizo la bloku lako sio ufundi wa mkono, ni vitu vitatu ambavyo pale havipo. Upakaji wa Nikasil ni kiwanda, ni matangi ya kemikali na umeme. Kunoa Nikasil kunataka almasi, mawe ya kawaida yanateleza juu yake tu. Na bloku lenyewe juu liko wazi, silinda zimesimama kama vikombe kwenye maji, ukiibana hedi zinajipinda kidogo, kwa hiyo wakati wa kunoa unafunga bamba zito juu yake kuiga hedi iliyofungwa, usipofanya hivyo silinda yako ni duara mpaka siku ya kufunga hedi, halafu inakuwa yai. Ukipachika silivu ya chuma kwenye aluminiamu nyembamba kama ile bila kujua hesabu ya kutanuka kwake, injini ikipata moto aluminiamu inatanuka zaidi ya chuma, silivu inalegea. Watu wameshajaribu. Milioni mbili itakwenda, kontena itakwenda, na utakuwa na injini ya Porsche inayotumika kama mguu wa meza.

Swali ambalo hukuniuliza lakini ungeniuliza ukiwa hapa tunakunywa kahawa: inalipa? Umenunua 23,500, ukiweka 17,760 ni 41,260 umeshaingiza kwenye gari moja. Ukiiuza ilivyo sasa, kwa ukweli wote, "injini inahitaji ovahoo", atakayekuja ni fundi au mchinjaji na atakupa labda nusu ya ulicholipa, labda pungufu. Ukiitengeneza ukauza kesho, hurudishi hela yako yote, sahau. Ila ukiitengeneza ukakaa nayo miaka mitano, mahesabu yanakuwa mengine, kwa sababu wanunuzi wa 997 wote wanaogopa kitu hichohicho kimoja, na gari yenye ankara ya laina sita na picha zake inauzika wakati zile nyingine zinakaa kwenye tangazo. Mimi ningekuwa sina mpango wa kukaa nayo ningeiuza mbovu, nikalia siku mbili, basi. Ningekuwa naipenda ningeifungua. Kitu ambacho singefanya ni kile cha katikati, laina mbili, klachi ileile, "tuone kwanza". Cha katikati ndo kinachokula hela kuliko vyote.

Ukiamua kuifungua, mwambie fundi akuwekee thamostati inayofunguka mapema, ile ya nyuzi 71, na injekta zisafishwe na kupimwa mtiririko, au mpya. Injekta moja inayokojoa badala ya kunyunyiza itaosha silinda mpya kama ilivyoosha ya zamani. Af maili 1,000 za kwanza usiikaange na wala usiibembeleze sana, ringi zinataka mzigo wa wastani kwenye mlima, gia ya tatu, ya nne, achia, kanyaga, achia. Motawei kwa spidi moja maili 200 haisaidii. Oili ya kwanza imwage mapema, ikate filta kwa mkasi wa bati uifungue karatasi yake uione, utakuta vumbi la kumetameta kidogo, hilo la kawaida, ni vyuma vinajuana. Ukiona vipande vya kushikika kwa kidole, simama hapohapo. Na ukumbuke sumaku haitakusaidia sana humo, aluminiamu haishiki.

Baada ya hapo oili kila maili 5,000 au mwaka, chochote kitakachotangulia, na asubuhi usiiwashe ukaiacha inanguruma nje wakati unatafuta funguo za nyumba. Washa, subiri sekunde kidogo, ondoka taratibu, usipite mzunguko 3,000 mpaka sindano ya joto la oili inyanyuke, sio ya maji, ya oili, iko nayo kwenye dashibodi, wengi hawaiangalii kabisa.

Sasa Desemba. Hapana. Najua itakuuma kupanda treni huku Porsche imepaki nje, lakini kila maili unayotembea sasa ule msasa unazunguka na oili. Leo una tatizo la silinda. Ukiendelea, unga ule unapita kwenye beringi za konrodi, kwenye krenki, kwenye kamshafti, kwenye zile solenoidi za valvu, na vitu ambavyo leo vingepimwa na kurudishwa vitaingia kwenye orodha ya kununua. Nimefungua moja ambayo jamaa aliiendesha miezi mitano "taratibu tu", krenki ilikuwa haichongeki tena.

Ipaki. Na ukiipaki usiwe unaiwasha kila Jumapili dakika kumi eti isilale, hiyo ndo mbaya kuliko zote, injini ya baridi, petroli nyingi, oili haijapata moto. Jaza tanki, tairi ongeza upepo kidogo, chaja ndogo ya betri iunge, funika. Tafuta gereji ya pili ifungue sampo uone silinda ya sita kwa macho yako, picha nitumie. Kama kucha haikwami, tutaanza na bolti za ekzosi.